Waya wa kijani usiofika ardhini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Kwa uongozi wa EWURA inayodhibiti nishati, TANESCO inayosambaza umeme, REA ya umeme vijijini, TBS ya viwango, Tume ya Ushindani na VETA ya ufundi stadi,

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni fundi umeme. Mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa nikifunga nyaya kwenye nyumba za watu, nyingi zikiwa Chanika, Kivule, Mbagala na Goba, na mara mojamoja navuka kwenda Mkuranga au Kibaha. Nina cheti cha ufundi na leseni iliyo hai. Sijawahi kuandika barua ya namna hii, na nisingeiandika kama si mama mmoja wa Kivule aliyenipigia simu mwezi uliopita akisema friji yake inapiga shoti.

Alisema akiigusa akiwa hajavaa kandambili, mkono unamwasha mpaka kwenye kiwiko. Fundi aliyemfungia nyumba alimwambia friji ni mbovu. Akaiuza kwa bei ya kutupa, akanunua nyingine kwa pesa za kikoba, nayo ikaanza vilevile. Mwanawe wa darasa la pili alikatazwa kuisogelea bila viatu. Familia ile iliishi hivyo karibu mwaka mzima.

Nilizima meinswichi, nikafungua soketi ya jikoni. Nyaya tatu zilikuwepo kama inavyotakiwa, na ule wa kijani na njano, waya wa ardhi unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ambao sisi mafundi tunauita ethi, ulikuwa umekazwa vizuri kwenye skrubu yake. Nikaupima kwa mita. Haukuwa umeungana na kitu chochote. Nikauvuta taratibu, ukatoka wote mkononi mwangu. Kilikuwa kipande cha shubiri moja. Nikafungua soketi ya sebuleni, hivyohivyo. Nyumba ile ina soketi kumi na moja, na kila moja ilikuwa na kipande chake cha kijani kilichochomekwa kwenye bomba na kuishia humo humo. Nje, chini ya dirisha, kulikuwa na kishimo cha ethi kilichojengewa kwa saruji na kufunikwa mfuniko. Ndani yake palisimama kipande cha nondo ya kujengea, bila waya hata mmoja.

Naomba mlitazame jambo hili kwa utulivu. Mtu asiyejua kazi husahau waya wa ethi. Huyu hakusahau. Alijua jicho la anayekuja kukagua linatafuta rangi gani, akaiweka rangi, akabaki na waya. Na fomu ya kuombea umeme ya nyumba ile ina muhuri na sahihi ya mkandarasi mwenye leseni, ambaye mama yule hajawahi kumwona kwa macho yake hadi leo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nyumba ile naijua. Mwaka 2022 nilifika pale kuta zikiwa bado tofali tupu, nikapima chumba kwa chumba, nikamwandikia bei. Ufundi peke yake nilimtajia shilingi 550,000. Aliniomba nipunguze, nikashuka hadi laki tano, chini ya hapo nikakataa. Akampata wa laki mbili. Simlaumu hata kidogo. Wote wawili tulimwambia tutamfungia nyumba yake, wote wawili tulikuja na begi la vifaa na koleo mkononi, na mmoja wetu alikuwa nafuu kwa laki tatu. Kwa mjane anayejenga kwa tofali moja moja, laki tatu ni bati za chumba kizima.

Hapo ndipo penye tatizo letu, na ndiyo sababu ya barua hii. Mlango wa seremala unaufungua na kuufunga kabla hujalipa. Suruali ya fundi cherehani unaivaa palepale dukani kwake. Kazi yangu mimi huzikwa. Ikishapigwa lipu na rangi, swichi ya kishoka, yule fundi wa ujanjaujanja asiye na leseni, inang'aa kama yangu. Taa zake zinawaka kama zangu. Taa ikiwaka mteja huamini kwamba umeme umefungwa, kumbe taa huwaka hata kwa waya wa spika. Kila kinachotofautisha kazi yangu na ya kishoka kiko nyuma ya lipu, na mteja anabaki na kitu kimoja tu cha kulinganisha: bei. Kwa bei, kishoka atanishinda siku zote, kwa sababu mimi nauza kazi na yeye anauza sura ya kazi.

Niwaambie kilichomo ndani ya laki tano, maana sidhani kama kuna mtu amewahi kuwaeleza kwa hesabu. Ni watu wawili kwa siku sita. Ni kutindua kuta na kulaza bomba, badala ya kuchomeka waya mtupu kwenye saruji. Ni kutenganisha laini: taa peke yake, soketi peke yake, jiko peke yake, shawa ya maji ya moto peke yake. Ni kusimika ardhini fito ya ethi, ya shaba, ya mita 1.2, na kwenye mchanga mkavu wa huku pwani mara nyingi fito moja haitoshi, inabidi uongeze ya pili. Ni kurudi baada ya lipu kuona kama fundi mwashi hajakata kitu. Ni kupima nyaya kwa mega, kipimo kinachoonesha kama umeme unavuja kwenye nyaya, kwa volti 500, na laini isiyofika megaomu moja siikabidhi hata kama mteja ananipigia kelele ahamie. Ni kurudi tena siku ya mita. Kishoka anaondoa vyote hivi, na mteja haoni kilichoondoka.

Chukueni shawa peke yake. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampia 24. Waya wa milimita za mraba 1.5 uliomo ndani ya bomba ukutani hubeba ampia kumi na tano, kumi na saba hivi. Ukiiunganisha shawa hiyo kwenye waya huo na breka ya ampia 20, breka itakuwa inakatikakatika watu wanapooga. Fundi mwenye kujua atabadilisha waya. Kishoka anabadilisha breka, anaweka ya 32. Sasa haikatiki tena, na mteja anamsifu kwamba amemaliza tatizo. Kuanzia siku hiyo kinachokatika kwanza ni waya wenyewe, taratibu, ndani ya ukuta au juu ya dari penye mbao kavu. Nimeshafungua dari nikakuta plastiki ya waya imekuwa kama makaa, unaigusa inamwagika. Watu walikuwa wanalala chini yake.

Sasa nije kwenye muhuri. Sheria tunayo. Kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na kanuni zake, kufunga umeme ni kazi ya mwenye leseni inayotolewa na EWURA, kila mmoja kwa daraja lake. Sina ugomvi na sheria hiyo, imeandikwa vizuri. Lakini huku mtaani sahihi imekuwa bidhaa. Najua kwa sababu nimefuatwa mimi mwenyewe. Kijana alikuja na fomu na noti za elfu kumi kumi tano, akaniambia, "Kaka, nigongee tu." Nyumba iko Bagamoyo, sijawahi kuiona. Nikakataa. Baada ya nusu saa nilimwona stendi, fomu imeshagongwa. Aliyemgongea namfahamu, sitamtaja, ana leseni halali na miaka mingi hajashika koleo. Hahitaji. Muhuri ulioko kwenye droo yake unamwingizia zaidi ya mikono yangu miwili.

Kwa maoni yangu huyo ndiye mkosaji mkubwa kuliko kishoka. Kishoka bila muhuri ni mtu mwenye begi tu, nyumba yake haiwezi kupata mita. Mwenye leseni ndiye anayempa uhalali, na ndiye anayeifanya leseni yangu isiwe na thamani yoyote mbele ya mteja. Kila baada ya muda tunasikia msako wa vishoka, vijana wanakamatwa, wanaoneshwa kwenye televisheni wakiwa wamechuchumaa. Muhuri uliowagongea hauoneshwi. Wiki inayofuata wanakuja vijana wengine, na muhuri ni uleule.

Nawaomba muuhesabu huo muhuri. Maombi ya kuunganishwa sasa yanapitia NI-KONEKT, mfumo wa mtandaoni wa TANESCO, watu wanajaza kwenye simu, taarifa ziko kwenye kompyuta. Fundi mmoja na msaidizi wake hawawezi kumaliza nyumba ishirini kwa wiki, tena moja iko Bagamoyo, nyingine Kigamboni na nyingine Chalinze. Mwili wa binadamu haufanyi hivyo. Kompyuta inaweza kuwaonesha leo hii ni leseni zipi zinazofanya muujiza huo. Muwaite wenyewe, wawapeleke kwenye nyumba tano walizosaini, wawaoneshe meinswichi iko ukuta gani. Asiyejua meinswichi iko wapi kwenye nyumba aliyoisaini, aache leseni mezani.

Ombi la pili ndilo ninalolitaka kuliko yote, nami naliandika nikiwa na uhakika nalo. Tazameni kazi kabla ya lipu. Najua watumishi ni wachache na mji unakua kila siku, hamwezi kumtuma mkaguzi kila banda linaloinuliwa Chanika. Lakini kila fundi ana simu yenye kamera. Wekeni sharti kwamba ombi la kuunganishwa liambatane na picha zilizopigwa kuta zikiwa wazi, zenye tarehe na mahali zilipopigiwa: bomba za kila chumba, meinswichi ikiwa wazi, waya wa ethi ukionekana umetoka kwenye meinswichi hadi kwenye fito, na fito yenyewe kabla haijafukiwa. Mwenye kazi safi atafurahi kuzipiga, mimi nazipiga tayari kwa hiari yangu. Mwenye vipande vya shubiri moja atapiga picha ya nini?

Na pale mkaguzi anapofika, asiangalie rangi. Apime. Kifaa cha kupima ethi kwenye soketi kipo, unakichomeka na ndani ya dakika moja kimekujibu. Ukichagua soketi moja kwa kubahatisha katika kila nyumba, mchezo wa vipande vya kijani umekwisha, kwa sababu kishoka hatajua ni ipi utakayoichagua. Hapohapo pimeni pia kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, kinachofanya kazi kwenye miliampia 30. Nimekuta nyumba nyingi kimefungwa kwa sura tu, nyaya zimepita pembeni yake.

Jambo jingine linahusu mteja. Leo mama wa Kivule akitaka kujua kama mimi ni fundi kweli, atafanya nini? Ataangalia karatasi niliyomwonesha, na karatasi ya kuchapisha iko kila stesheneri. Mpeni namba fupi ya kupiga kwenye simu ya kawaida, hata kitochi, aandike namba ya leseni yangu, arudishiwe jina langu, daraja langu na siku leseni inapoisha. Kwenye simu kubwa aone na picha ya uso wangu, maana namba huazimwa, uso hauazimwi. Kisha namba hiyo ya leseni ifungamane na namba ya mita ya LUKU moja kwa moja, ibaki hapo hata nyumba ikiuzwa. Mita ikiwa na jina la aliyefunga nyumba, mwenye muhuri atafikiri mara mbili kabla ya kuuza sahihi ya nyumba asiyoijua, kwa sababu miaka mitano baadaye kitu kikiungua, hatakuwa na mahali pa kujificha.

Naomba sasa niseme neno kwa TBS na Tume ya Ushindani, kwa sababu fundi mwaminifu anaweza kuwa na mikono safi na bado akafunga sumu. Rola la waya likiwa limeandikwa shaba, ukikwangua kwa kisu unakuta weupe. Ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hupitisha umeme vibaya zaidi, ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba na zaidi kidogo, kwa hiyo unene uleule unachemka mapema. Sisi tulioizoea kazi tunaijua kwa kuinyanyua tu, shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Mteja hajui uzito wa rola. Mengine ni shaba kweli lakini nyembamba, imeandikwa 2.5 ukipima haifiki hata 2, au rola limeandikwa mita 90 na waya unaisha kabla nyumba haijaisha. Rola hilo huuzwa karibu nusu ya bei ya lile la kweli, na mara nyingi yako kwenye rafu moja.

Nikimwambia mteja anunue la bei ya juu, ananiona nina changu na mwenye duka. Niaminini, nimeshaitwa mwizi kwa kumshauri mtu asinunue waya bandia. Najua mnafanya misako na mnateketeza mizigo, tunaona. Lakini mzigo huo haukuzaliwa Kariakoo, umeingia kwa kontena, na mwingizaji wa kontena anafahamika kuliko mwenye kibanda. Ninachoomba zaidi ya msako ni mahali pa kupimia. Wekeni Kariakoo, katikati ya maduka ya vifaa vya umeme, meza moja yenye mizani na kipimo cha ukinzani, mwananchi apite na rola lake kabla hajapanda daladala, apimiwe bure. Bei ya meza hiyo ni ndogo. Na wenye maduka wanaouza kitu cha kweli, nao wapo wengi na wanaumia kama sisi, watakuwa wa kwanza kuwaelekeza wateja hapo.

Kwa REA nina shukrani kabla ya ombi. Nilikozaliwa, wilaya ya Kilosa, wazazi wangu walizeeka na kibatari, leo mdogo wangu ana taa. Vijijini mtu anaunganishwa kwa shilingi 27,000, ni jambo kubwa sana. Lakini hiyo ni ya kuunganishwa. Kufunga nyaya ndani ya nyumba kunagharimu mara nyingi zaidi ya hapo, na hapo hakuna anayemsaidia, kwa hiyo mtu aliyekwishapata nguzo mlangoni na muda wa kulipia unakwisha, anamchukua yeyote atakayepita na baiskeli na rola la waya. Kile kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, mlichokileta kwa nyumba ndogo nakiunga mkono kwa moyo wote, ingawa kinanipunguzia kazi mimi. Kimetengenezwa kiwandani, kina breka zake na soketi zake, kila kitu kiko wazi juu ya ubao. Hakuna ukuta wa kuficha kitu. Kienezeni zaidi, na elezeni watu kwamba hakiwafanyi maskini.

Nafika kwa VETA, na hapa naandika kwa uchungu wa namna nyingine. Wapo watu wa aina tatu wanaoitwa vishoka kwa jina moja, na kuwachanganya ni kosa. Yupo asiyejua kazi na anayedanganya. Yupo mwenye karatasi anayeuza sahihi, huyo nimekwishamsema. Na yupo anayejua kazi vizuri kabisa lakini hana karatasi. Kijana aliyenibebea begi kwa miaka minne, nikamfundisha mwenyewe kulaza bomba, kuvuta nyaya na kusoma mega, leo kazi yake nikiikagua sioni pa kurekebisha. Aliishia darasa la saba. Chuo cha miaka miwili hawezi, ana watoto wawili na mama mgonjwa. Kwa hiyo anafunga nyumba safi, kisha anakwenda kununua muhuri wa elfu hamsini kutoka kwa mtu ambaye hawezi kuifanya kazi ile. Kwenye kitabu chenu mwenye kosa anaonekana mmoja, naye ni huyu kijana, kwa sababu ndiye mwenye begi.

Utaratibu wa kurasimisha ujuzi mnao, ule wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini, kumjazia anapopungua, kisha kumpa cheti. Ni utaratibu mzuri kuliko mengi niliyoyaona. Uleteni karibu. Fundi wa kulipwa kwa siku akikosa siku tano za kazi, nyumbani kwake hakuliki. Mpimeni Jumapili. Mpimeni saitini, kwenye nyumba anayoifunga, mkaguzi amsimamie akiwa ameshika koleo lake mwenyewe, na maswali yawe kwa Kiswahili, kwa maneno anayoyajua. Hesabu ya ampia anaijua, ila haijui kwa Kiingereza. Cheti chake kimfungulie njia ya leseni ya daraja dogo, nyumba za kawaida za fezi moja, chini ya uangalizi wa mwenye leseni kubwa kwa mwaka wa kwanza. Kila kijana mmoja wa aina hiyo mtakayemwingiza ndani ni mteja mmoja mnayemnyang'anya muuza muhuri. Misako haijawahi kufanya hivyo.

Na serikali yenyewe ni mteja. Madarasa na zahanati nyingi siku hizi zinajengwa kwa mafundi wa kawaida kupitia kamati za shule na vijiji, ule utaratibu wa fosi akaunti. Sina neno na utaratibu wenyewe, umepunguza gharama na umetupa kazi sisi wadogo. Lakini kamati ya wazazi na mwalimu mkuu wanawezaje kumpambanua fundi umeme? Wanafungua bahasha za bei, ya chini inashinda. Naombeni kwenye majengo ya umma ya aina hiyo, kazi ya umeme peke yake isiamuliwe kwa bei ya chini, na isilipwe yote hadi mtu mwenye kipimo aje apime na aandike matokeo. Darasani kuna watoto arobaini au sitini, mikono midogo, soketi iko chini kwenye usawa wao.

Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, na nchi nzima ilisimama kusikiliza sauti za waliokuwa chini ya kifusi. Ghorofa likianguka tunaliona wote. Umeme mbovu unaua mmoja mmoja, jikoni, bafuni, kwenye kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye bomba, na jirani wanasema ni shoti, wanazika, wanarudi kazini. Hakuna anayefungua soketi.

Nisiwaachie ninyi mzigo wote, maana sisi mafundi tuna sehemu yetu na baadhi yetu tumeichafua wenyewe. Tunachukua advansi ya kazi tatu kwa wakati mmoja na kuzima simu. Tunaahidi Jumatatu tunafika Alhamisi. Mteja aliyeumizwa hivyo na fundi mwenye leseni, ukimwambia achague fundi mwenye leseni anaguna, na ana haki ya kuguna. Mimi kwa upande wangu tangu mwaka juzi nimebadilisha namna ya kufanya kazi. Namwandikia mteja bei iliyovunjwavunjwa, kila laini na waya wake. Nampigia picha kuta zote kabla ya lipu na kumtumia kwenye WhatsApp, namwambia asizifute. Namwachia mchoro wa bomba zinakopita, ili atakayekuja kugongelea msumari wa pazia asitoboe waya. Namwandikia vipimo vya mega na ethi kwenye karatasi yenye namba ya leseni yangu, na dhamana ya mwaka mmoja. Nikimaliza namwita, namshikisha kipimo mwenyewe, nachomeka kwenye soketi anayoichagua yeye, anaona taa zikiwaka.

Imenisaidia kiasi. Kati ya wateja kumi, watatu au wanne wanaelewa na kulipa. Waliobaki wanasema fundi mwingine hakuwasumbua na makaratasi. Siwezi kumshawishi kila mtu mmoja mmoja, kwa muda wangu na vocha yangu, kwamba kilichozikwa ukutani ni muhimu, wakati fomu iliyogongwa bila kuiona nyumba inapata mita sawasawa na yangu, tena wakati mwingine mapema zaidi. Hapo ndipo uwezo wangu unapoishia.

Yule mama wa Kivule tulikubaliana. Nimemfungia upya waya wa ethi kwenye soketi zote kumi na moja, imebidi kutindua lipu ya vyumba vinne, na rangi yake imeharibika. Fito mbili za shaba nimezisimika nyuma ya jiko. Ametumia zaidi ya zile laki tatu alizookoa mwaka 2022, na bado ananilipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Ile friji ya kwanza aliyoiuza haikuwa na ubovu wowote, na sijapata ujasiri wa kumwambia.

Wiki hii niko Chanika, nyumba ya vyumba vitatu, bomba zimeshalala na nyaya zinavutwa. Fundi mwashi anaanza kupiga lipu Jumamosi asubuhi. Yeyote kati yenu atakayependa kuja au kumtuma mtu aone kazi inavyotakiwa kukaguliwa, kuta ziko wazi hadi Ijumaa jioni, na kipimo ninacho.

Wenu katika kazi,
Fundi umeme mwenye leseni,
Dar es Salaam